Dawati Lilivyoingia Kituoni

Kaunta za vituo vyetu vya polisi vya zamani zilikuwa ndefu. Mtu mzima zilimfika kifuani, na mtoto hakuona kilichokuwa juu ya kaunta hata akisimama kwa ncha za vidole. Nalijua hilo kwa sababu mwaka 1989, nikiwa na miaka 11, nilitumwa kumsindikiza kituoni mama mmoja, mpangaji mwenzetu. Ilikuwa yapata saa mbili usiku. Nilitumwa mimi kwa kuwa wanaume wa nyumba ile walisema mambo ya mume na mke hayaingiliwi, na wanawake wakahofu kwamba wakionekana naye njiani watakuwa wamemponza zaidi. Mtoto hahesabiwi kuwa na upande. Nikapewa tochi.

Alikuwa amejitanda khanga mbili, moja ameivuta mpaka kwenye nyusi. Mbele yetu alisimama kijana aliyeibiwa baiskeli. Nyuma yetu walikuwapo walevi wawili waliokamatwa wakigombana kilabuni. Askari wa zamu alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti. Hakumfokea mama yule. Aliuliza tu, kwa sauti iliyosikika hadi barazani:

"Haya mama, shida gani?"

"Afande, nimepigwa."

"Na nani?"

"Baba watoto."

Askari akaiweka kalamu chini. Ilikuwa imefungwa uzi, na uzi ukafungwa kwenye msumari ili isiibwe. "Sasa umemkosea nini?" Walevi wakacheka. Mama alinyamaza. "Mjumbe wenu ana habari?" Hana. "Basi anzieni kwa mjumbe. Haya ni mambo ya ndani, mama yangu. Kesho mtakuwa mnakula sahani moja, na mimi huku nimeshajaza kitabu." Akatutakia usiku mwema. Kabla hatujatoka nilimsikia akimwita kijana wa baiskeli aje achukue RB yake, yaani namba ya taarifa yake kitabuni.

Baiskeli iliandikwa kitabuni, mama hakuandikwa. Nimeishi na hesabu hiyo miaka mingi, na ndiyo iliyonisukuma kutafuta ilikuwaje hata likaja lile tunaloliita leo Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa nini lilichelewa hivyo. Simlaumu askari yule. Alikuwa anatekeleza amri ya zamani kuliko yeye, amri ambayo haikuandikwa popote.

Zilizoandikwa zilisema kinyume. Miaka 18 kabla ya usiku ule, Bunge la Tanzania lilikuwa limepitisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu chake cha 66 kinatamka kwamba, hata kama kuna mila inayosema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kifungu chenyewe ni sentensi moja. Kwa Afrika ya mwaka 1971, na kwa nchi nyingi za Ulaya wakati huo, lilikuwa jambo la kushangaza kuona sheria ikimtazama mume usoni na kumwambia hivyo.

Sheria hii ina kisa ambacho Watanzania wengi hawakijui. Msingi wake ulichukuliwa kwa jirani. Miaka ya 1967 na 1968 tume iliundwa nchini Kenya kupendekeza sheria moja ya ndoa badala ya rundo la sheria za kimila, za kidini na za kikoloni. Kenya ikapata ripoti na muswada. Tanzania ikatoa waraka wake wa serikali mwaka 1969, ikachukua mengi kutoka katika kazi ile ya Nairobi, na miaka miwili baadaye ikawa na sheria. Kenya yenyewe muswada uliishia kupigwa danadana. Uliporudi bungeni mwaka 1979, baadhi ya wabunge walisimama kulalamika hadharani kwamba ukipita, mwanamume wa Kiafrika atanyimwa njia ya kumfundisha mkewe adabu. Ukaanguka. Kwa hiyo mama aliyepigwa Tanga mwaka ule alikuwa na sheria ambayo mwenzake wa Mombasa alinyimwa, ingawa wino wake ulianzia Kenya. Tutarudi kwa jirani huyu, maana baadaye mambo yaligeuka.

Kasoro ya kifungu cha 66 ni kwamba kinakataza bila kutaja adhabu. Kimekaa kama bango la "usikojoe hapa" ambalo halisemi faini ni shilingi ngapi. Lakini askari hakuhitaji kusubiri Sheria ya Ndoa imtajie adhabu. Kanuni ya Adhabu, tuliyorithi kwa Mwingereza, ilikuwa na makosa yote anayoyahitaji: shambulio la kawaida kifungu cha 240, shambulio la kudhuru mwili kifungu cha 241, ambalo kifungo chake kinafika miaka 5, na kujeruhi vibaya kifungu cha 225. Hakuna hata kimoja kinachosema "isipokuwa aliyepigwa akiwa mke".

Sasa ile "nendeni mkayamalize" ilitoka wapi?

Kwa maoni yangu, ilivuja kutoka mahali pengine. Sheria ile ile ya 1971 inataka kila kata iwe na baraza la usuluhishi la ndoa, na kwa kawaida huwezi kwenda mahakamani kudai talaka kabla hujapita huko. Kuna mabaraza ya kata, kuna ya Bakwata, kuna ya makanisa. Nayo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, kifungu cha 163, inamruhusu hakimu kuwapatanisha watu katika kesi ya shambulio la kawaida au kosa la kibinafsi ambalo si zito, akiona umma hauna haja ya adhabu. Mamlaka hayo ni ya hakimu, na yanatumika kesi ikiwa imeshafika mbele yake. Ila neno "usuluhishi" ni tamu, na halikukaa mahakamani. Liliteremka taratibu hadi kaunta, likamfanya koplo wa zamu kuwa msuluhishi, kungwi na mshenga, akiwa hata hajaandika jina la mlalamikaji.

Ongeza na mjumbe wa nyumba kumi. Mfumo huo ulianzishwa na TANU katika miaka ya 1960 kwa kazi za chama, lakini mjumbe akaishia kuwa mzee wa kila jambo: wizi wa kuku, mpaka wa kiwanja, mume aliyelewa. Wapo wajumbe waliookoa maisha ya watu, wakasimama mlangoni katikati ya usiku na fimbo ya kutembelea. Lakini mjumbe ni jirani. Anakunywa kahawa na mume, na huenda wameoa ukoo mmoja. Wazee wa Pwani walikuwa na msemo kwamba mke hupigwa kwa upande wa khanga, maana yake umpe zawadi badala ya fimbo. Ni msemo mzuri. Nimeusikia zaidi ukisemwa na wajumbe, baada ya mwanamke kuwa ameshapigwa kwa kitu kingine, na khanga ndiyo iliyotolewa faini.

Usidhani kwamba wanawake walisubiri Bunge liwafumbue macho. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay tangu mwaka 1928, aliimba wimbo juu ya mtu aitwaye Kijiti. Ilikuwa habari ya kweli ya mjini: mwanamke mgeni aliyekuja Unguja akauawa, muuaji akavuka bahari na kutoroka, na waliokwenda mbele ya sheria kueleza yaliyotokea ndio walioadhibiwa. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti, na wengi wetu tulimsoma shuleni kama bingwa wa taarabu aliyetoka kuuza vyungu. Hatukufundishwa kwamba alikuwa pia mwandishi wa habari za mahakamani, tena wa aina inayowakera mahakimu. Aliyeusikia wimbo ule alijifunza jambo moja kuhusu vyombo vya dola: ukienda kushtaki, chunga usije ukarudi wewe ndiye mshtakiwa.

Ndiyo maana halikuwa jambo la bahati kwamba waandishi wa habari wanawake walipoanzisha chama chao, TAMWA, mwaka 1987, jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Hawa walikuwa watu wa redio na magazeti. Walijua kichwa cha habari kimoja hufa jioni. Mbinu yao ilikuwa kukubaliana juu ya jambo moja, kisha kulirusha kwa pamoja katika redio na magazeti mengi, mpaka waziri akose pa kugeukia. Februari 1990 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Hasira iliyofuata haikuishia pale chuoni. Wakati huo huo wanasheria wanawake walikuwa wanajipanga: kituo cha msaada wa sheria WLAC kilianza mwaka 1989, na chama chao, TAWLA, kikaandikishwa mwaka uliofuata. TAMWA wakafungua kituo cha ushauri kwa walionyanyaswa. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa Dar es Salaam aliyepigwa alikuwa na mlango wa kubisha ambao nyuma yake hakuna mjumbe, shemeji wala kaunta.

Kwenye vyumba vile vya ushauri ndiko ushahidi ulikotoka. Wanawake walisimulia, wasaidizi wakaandika. Yalipokusanywa, ilionekana kwamba hadithi ya kituo cha polisi inajirudia: umemkosea nini, anza kwa mjumbe, kesho mtapatana. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilipatikana baada ya kelele za muongo mzima, ikaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji. Ndani ya ndoa, hata hivyo, ilisita mlangoni. Mume hawezi kushtakiwa kwa kumbaka mkewe isipokuwa kama wametengana. Waliokuwa wakiifurahia sheria hiyo walinyamazia kipengele hicho kwa muda, kwa hofu ya kupoteza kilichopatikana. Siwezi kuwahukumu. Nadhani ningefanya vivyo hivyo.

Mwaka 1999 Mwanza kikaanzishwa kikundi kilichoitwa Kivulini. Jina hilo nalipenda kuliko majina yote ya asasi ninayoyajua, maana halina jinsia, haki, uwezeshaji wala mtandao ndani yake. Kivulini ni mahali watu wa Kanda ya Ziwa wanapokaa kuzungumza jua likiwa kali. Kazi yao ilitegemea hilo: wanawake na wanaume kukaa mtaani wakazungumza kipigo kabla hakijawa kesi, na viongozi wa mtaa pamoja na polisi wakiwa wamekaa kwenye benchi lile lile. Walitambua jambo ambalo wapanga mipango wa mjini walichelewa kulielewa, kwamba askari naye ni mume wa mtu, na anayoyafanya kaunta ameyabeba kutoka nyumbani kwake.

Kisha zikaja takwimu. Shirika la Afya Duniani, pamoja na watafiti wa Muhimbili, liliwauliza wanawake wa Dar es Salaam na wa Mbeya vijijini maswali ambayo hayajawahi kuulizwa kwa upana huo nchini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Kati ya waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 Mbeya walikuwa wamepigwa au kulazimishwa tendo la ndoa na mwenzi wao. Mtu hawezi tena kusema ni mambo ya nyumba fulani pale bondeni. Ukipanga wanawake kumi wa namna hiyo wa Mbeya vijijini, zaidi ya watano wanajua unachokizungumzia.

Ndipo Jeshi la Polisi likaanza kugeuka, na sehemu kubwa ya mgeuko huo ilitoka ndani. Mwaka 2006 Said Mwema aliteuliwa kuwa Inspekta Jenerali, akaja na mageuzi ya jeshi lake na polisi jamii. Mwaka 2007 ukaundwa Mtandao wa Polisi Wanawake. Hawa walikuwa askari waliotumia miaka yao kaunta hizo hizo, wakiitwa wao pale mteja wa kike alipolia sana: "Hebu mwite yule dada amnyamazishe." Walijua shida ilipo kuliko mshauri yeyote wa kutoka nje. Katika miaka iliyofuata madawati ya jinsia na watoto yakaanza kufunguliwa vituoni, mwanzoni machache, kisha nchi nzima.

Wazo lenyewe halikuwa geni duniani. Brazil walifungua kituo cha kwanza cha polisi cha wanawake mjini São Paulo mwaka 1985, kituo kizima chenye mkuu wake. Rwanda mwaka 2009 walianzisha kituo cha Isange katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, Kigali, ambapo daktari, mpelelezi na mshauri wanakaa chini ya paa moja. Sisi, kwa uwezo wetu, tulichagua dawati. Neno lenyewe ni la shule: meza ya mbao yenye tundu la wino. Wakati mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, maarufu kwa jina la MTAKUWWA, ulipozinduliwa Desemba 2016, vituo vyenye dawati vilikuwa vimepita 400.

Inafaa kueleza dawati ni nini, kwa sababu kuna wanaodhani ni ofisi tofauti na polisi. Sivyo. Ni askari wa kawaida wa Jeshi la Polisi, wake kwa waume, waliopewa mafunzo ya kumsikiliza mtu aliyeumizwa na mtu anayemfahamu. Panapowezekana wanapewa chumba chao chenye mlango unaofungwa. Zipo sehemu ambapo ni chumba kizuri chenye pazia na midoli ya watoto. Zipo ambapo ni kona ya ofisi ya upelelezi na kabati limewekwa katikati kama ukuta. Lakini hata penye kabati, jambo moja kubwa limebadilika: mlalamikaji anaketi. Nimezungumza na wanawake wengi waliopita huko, na unapowauliza nini kilikuwa tofauti, hawaanzi na sheria. Wanasema, "Alinipa kiti."

Kuna kitu kingine kilichomtesa mlalamikaji kwa miaka mingi, nacho ni karatasi. PF3 ni fomu ya polisi namba tatu. Askari anajaza sehemu yake, majeruhi anaibeba hadi hospitali, daktari anaandika alichokiona na ukubwa wa jeraha, kisha fomu inarudi kituoni kuwa ushahidi. Kwenye makaratasi mpango ni safi. Mtaani ulimaanisha kwamba mtu aliyepasuliwa kichwa anafika hospitali, anaulizwa "PF3 iko wapi?", anarudi kituoni, anaambiwa fomu zimekwisha akatoe fotokopi, anapanda bodaboda kwenda stesheneri, na damu inaendelea kumkauka kwenye blauzi. Anayeishi kilomita 30 kutoka kituo cha polisi alikuwa anafika siku ya pili, jeraha limeanza kufunga, na daktari anaandika kwamba halina uzito. Kwa kesi ya kubakwa kuchelewa huko kulikuwa na maana nyingine mbaya zaidi, kwa sababu dawa za kukinga maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72.

Dawa ya mzunguko huo ilitafutwa kwa kuvileta vyote pamoja. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, ilipata kituo chake cha Mkono kwa Mkono mwaka 2011, na Bara vikafuata katika baadhi ya hospitali, Amana ya Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Hapo polisi anakuwapo hospitalini, fomu inajazwa hapo hapo, daktari yuko mlango wa pili, na ofisa ustawi wa jamii ana kiti chake. Jina Mkono kwa Mkono ni zuri, ila vituo ni vichache mno kwa nchi yenye ukubwa huu. Wengi bado wanatembea na PF3 kwenye mfuko wa plastiki.

Na sasa nifike pale ambapo wanaharakati na polisi huwa wananung'unikiana. Polisi watakuambia: tunamkamata, tunafungua jalada, wiki moja haijapita mama mwenyewe anakuja kuomba afute kesi. Ni kweli, na askari wa dawati mwenye miaka mitatu kazini ameliona hilo mara nyingi kiasi cha kukata tamaa. Lakini nenda kituo chochote asubuhi, saa moja na nusu, uangalie nani wanaleta chakula cha mahabusu. Utamwona mwanamke mwenye kidonda kwenye mdomo, amebeba hotipoti ya uji na maandazi mawili yaliyofungwa kwenye gazeti. Anamletea mwanamume aliyempa kidonda hicho. Asipomletea, mama mkwe atasema ameua. Na huyo aliye ndani ndiye aliyekuwa analipa kodi ya chumba, ndiye ambaye jina lake liko kwenye kadi ya bima, na bosi wake amesema asipofika kazini Jumatatu nafasi inachukuliwa. Kufuta kesi, kwa hesabu zake, ni kuchagua deni dogo kati ya madeni mawili. Dawati lilipewa kalamu, jalada na mafunzo ya kusikiliza. Kodi ya chumba halikupewa.

Vilevile halikupewa uwezo wa kubadilisha mioyo ya watu, na hapo takwimu zinauma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliwauliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu yoyote kati ya tano: ameunguza chakula, amebishana naye, ametoka bila kuaga, hajaangalia watoto vizuri, amekataa tendo la ndoa. Asilimia 54 ya wanawake walisema ndiyo, angalau kwa sababu moja. Wanaume waliosema ndiyo walikuwa asilimia 38. Uliporudiwa mwaka 2015 na 2016, wakati madawati yameshaenea, wanawake walikuwa asilimia 58 na wanaume 40. Usikimbilie kusema wanawake wanapenda kupigwa. Ukiwa ndani ya jambo na huna pa kwenda, kuliita haki ni namna mojawapo ya kupata usingizi. Nami huwa najiuliza mama yule wa 1989 angejibu nini iwapo karani wa utafiti angemkuta siku inayofuata, akichambua mchele barazani kama kawaida.

Nilisema tutarudi kwa jirani. Kenya, iliyokataa muswada mwaka 1979 kwa kutetea fimbo, ilipitisha sheria ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa majumbani mwaka 2015. Uganda ilitangulia na yake mwaka 2010. Rwanda ilikuwa na sheria tangu 2008. Kenya na Uganda mtu anaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya ulinzi, yaani karatasi inayomwambia mume: usimguse, usimsogelee, na ukivunja hili unakamatwa kwa kulivunja. Tanzania Bara, iliyokuwa ya kwanza katika kundi hili kuandika kwamba kipigo si haki, haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani hadi leo. Sheria ya Ndoa inampa hakimu uwezo wa kumkataza mwenzi kumsumbua mwenzake, lakini hiyo ni pale ambapo shauri la ndoa limeshafunguliwa. Asiyetaka talaka, anayetaka tu kulala usiku bila kuamka na kitasa cha mlango mkononi, hana karatasi ya namna hiyo. Mpango wa pili wa MTAKUWWA ulizinduliwa Mei 2024. Una kurasa nyingi na kamati mpaka ngazi ya kijiji. Pengo hilo la sheria umelikuta na bado lipo.

Mwaka juzi nilikwenda kukaa siku nzima kwenye dawati la mji mmoja, kwa ruhusa na kwa masharti ya kutotaja mji wala mtu. Chumba kilikuwa na meza moja, viti vinne, feni lenye panga moja lililopinda, na ukutani namba 116 ya watoto na 112 ya polisi zimeandikwa kwa kalamu nene. Alasiri akaja dada wa miaka kama 30, ana mtoto mgongoni. Askari, naye mwanamke, alisimama akamsaidia kumteremsha mtoto, akampa kiti, akasubiri.

"Pole, mdogo wangu. Kunywa maji kwanza."

Alichukua saa nzima. Hakuulizwa amekosea nini. Maelezo yaliandikwa, akasomewa, akarekebisha mahali pawili: haikuwa Jumanne ilikuwa Jumatano, na hakupigwa na mkanda, alipigwa na waya wa pasi. Akatia sahihi. PF3 ikajazwa hapo hapo, na kijana wa zamu akaambiwa atampeleka hospitali. Askari akaandika namba ya RB kwenye kipande cha karatasi, akamkabidhi. Dada akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga, akakaza fundo kwa meno.

Halafu akauliza swali ambalo, nilivyoona, lilikuwa ndilo lililomleta.

"Dada, na leo nalala wapi?"

Askari akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Akatoa simu yake mwenyewe kwenye mkoba, akatazama salio, akaanza kupiga. Wa kwanza, ofisa ustawi wa jamii, hakupokea. Wa pili alikuwa sista wa nyumba moja ya watawa, akasema vitanda vimejaa. Alipopiga mara ya tatu mtoto alikuwa ameamka, ameanza kulia, na yule dada amesimama anambembeleza huku akizunguka meza, jicho lake likiwa kwenye simu.

"Shikamoo mama," askari akasema, akigeuka dirishani. "Ni mimi tena. Samahani. Kile chumba cha nyuma, yule wa wiki iliyopita ameshatoka?"